Jibu: Kushusha tyuni ya gita kwa pedali

Ndugu, umeuliza kama pedali (kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gita) inaweza kukuondolea mzigo wa kubeba gita la pili kwa nyimbo za tyuni ya chini. Kwa nusu toni (hatua ndogo kati ya noti mbili zinazofuatana) 1 hadi 3, inaweza kabisa, na nyuzi hazilegei. Natumia pedali iitwayo DigiTech Drop. Inashusha hadi nusu toni 7, hata oktavu nzima, ila ukienda chini sana nyuzi nene hupoteza makali na sauti huchelewa kidogo nyuma ya kidole.

Iweke kabla ya distoshen (pedali ya kukwaruza sauti), gita liingie kwake kwanza, maana inahitaji sauti safi ya gita. Chumbani ongeza sauti ya ampu (kikuza sauti cha gita): ukipiga kwa sauti ndogo utasikia nyuzi zenyewe zikilia kwa tyuni ya kawaida, zinagongana na spika. Hilo lilinisumbua wiki nzima!