Kautazame kwanza mrija wa maji

Wadogo zangu mnaokuja Bagamoyo kujifunza kazi za maabara, karibuni sana. Swali ninaloulizwa karibu na kila kundi ni hili: "Dada, nisome virusi au nisome ubongo?" Mimi nimeishia kufanya vyote viwili, na kilichonifikisha huko ni kichaa cha mbwa.

Kirusi chake ni kidogo kwa namna ya kustaajabisha: uzi mmoja wa RNA, yaani maandishi yake ya urithi, wenye herufi zipatazo 12,000, jeni tano, basi. Mbwa akimng'ata mtoto mguuni, kirusi huingia kwenye ncha ya neva, kikadandia usafiri uleule ambao seli hutumia kubeba mizigo yake, kikapanda taratibu hadi uti wa mgongo na kufika kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki, mara nyingi miezi. Ndiyo maana kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kuwahi chanjo huokoa maisha. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Nilipoielewa safari hiyo ndipo nilipoanza kuzipenda neva. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha namna ya kuitumia tabia hiyo kuchora ramani ya ubongo. Walikinyang'anya kirusi jeni ya protini inayokaa juu ya ganda lake, ambayo bila hiyo hakiwezi kuhamia seli nyingine. Kisha wakairudisha protini hiyo ndani ya seli chache tu walizozichagua. Kirusi kikavuka hatua moja, kikakwama, na wao wakaona ni seli zipi zinazozungumza moja kwa moja na zile walizoanzia. Basi msihangaike kuchagua mapema. Shikeni kirusi kimoja, mkijue barabara, nacho kitawapeleka mahali ambapo hamkupafikiria.

RNA haina subira. Nendeni soko la samaki asubuhi mtazame wachuuzi wanavyohangaikia barafu kabla jua halijapanda. Sampuli zenu zinataka haraka ileile. Vimeng'enya vinavyoila RNA vimejaa kwenye ngozi zetu, kwa hiyo glavu hubadilishwa kila mara, hata kama zinaonekana safi. Na asiyechanjwa asiguse ubongo wa mbwa. Hilo silijadili.

Sasa mrija wa maji. Katika kila PCR, yaani kazi ya kunakili kipande cha jeni mara nyingi hadi kionekane, tunaweka mrija mmoja usio na sampuli, maji matupu, ambao haupaswi kuonyesha kitu. Mwaka wangu wa pili, katika maabara niliyoanzia, nilipata sampuli tisa chanya kati ya kumi na mbili. Mikono ilinitetemeka kwa furaha. Kisha nikaona kwenye picha ya matokeo kwamba mrija wa maji nao una kimstari cha chanya, chembamba, hafifu. Nikajiambia, hafifu hivi, nani atakiona? Nilikaa na picha ile siku mbili kabla ya kumwonyesha mwalimu wangu.

Hakunigombeza. Alisema, "Maji yamesema, tuyasikilize." Tukatafuta wiki tatu. Kumbe ilikuwa pipeti moja, kile kifaa cha kunyonyea na kudondoshea kimiminika, iliyokuwa ikitolewa kwenye chumba tunachofungulia mirija iliyokwisha kupita PCR na kurudishwa kwenye meza ya maandalizi. Mizunguko 35 ya PCR huweza kutoa mabilioni ya nakala, hivyo tone lisiloonekana kwa macho linatosha kuharibu kazi ya mwezi mzima. Tuliporudia kwa vifaa safi, chanya zilikuwa nne. Mbwa watano wangeingia kwenye hesabu bila ugonjwa, na kuna mtu angepanga chanjo za kijiji kwa hesabu hiyo. Wiki tatu zile sizijutii. Kinachoniuma hadi leo ni zile siku mbili.

Kwa hiyo kila matokeo yakitoka, jicho lenu lianzie kwenye maji, halafu ndiyo liende kwenye sampuli. Maji yakiwa na doa, andikeni kwenye daftari siku hiyohiyo, kwa kalamu ya wino, na msichane ukurasa.

Mtakapofika mtakuta pipeti zenye utepe wa bluu na zenye utepe mwekundu. Nyekundu haivuki mlango wa chumba cha pili, kile cha kufungulia mirija iliyokwisha kupita PCR. Mkiikuta imevuka, hata kama niliyeivusha ni mimi, niambieni kabla hamjafungua friza.