Barua kwa mwanangu: Mbona Hank Aaron hakushangilia?

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, baba yako kile kikohozi kimemwachia. Umeniambia umetazama filamu ya usiku wa tarehe 8 Aprili 1974, ukaniuliza: "Mama, mbona Hank Aaron anazunguka vituo kimya kama mtu anayetoka shamba, na kumbe ndiyo kwanza amevunja rekodi kubwa kuliko zote za besiboli?"

Swali lako nimeshinda nalo kazini siku nzima.

Babe Ruth, mzungu aliyekuwa nyota wa besiboli huko Marekani, alistaafu mwaka 1935 akiwa na homurani 714, yaani mara 714 aliupiga mpira ukapita juu ya ukuta, akavizunguka vituo vyote vinne vya uwanja mpaka pale alipoanzia, panapoitwa "nyumbani". Watu wakaamini hatatokea wa kumfikia. Akaja huyu Aaron, kijana mweusi kutoka Mobile, Alabama, ambaye hakuwahi kufikisha hata 50 kwa msimu mmoja, lakini kila mwaka yumo, hapungui. Mwaka 1973, na miaka 39 mwilini, akapiga 40. Msimu ukafungwa akiwa na 713. Imebaki moja amfikie Ruth, mbili ampite, na besiboli haichezwi tena mpaka Aprili.

Hapo sasa, mwanangu, ndipo penye jibu lako. Barua alizopokea mwaka ule zilikaribia 930,000. Nyingi zilimtakia heri, nami namshukuru kila aliyeketi akaandika moja ya hizo. Lakini nyingine zilimwambia atauawa akithubutu kumpita mzungu. Haikuwa mizaha, ilikuwa haijatimia hata miaka 6 tangu Martin Luther King, mtetezi wa haki za weusi, auawe kwa risasi. Binti yake aliyekuwa chuoni Nashville alitishiwa kutekwa. Yeye mwenyewe alitembea na askari wa kumlinda, na hotelini alilala mbali na wenzake. Miezi sita hiyo hakuwa na la kufanya ila kungoja, na kujiuliza kama Aprili itamkuta hai. Zile barua za matusi hakuzitupa. Alizihifadhi miaka na miaka, na mimi naona alifanya vema.

Aprili 4, kule Cincinnati, akamfikia Ruth kwa pigo lake la kwanza kabisa la msimu. Siku nne baadaye, Atlanta, watu zaidi ya 53,000 uwanjani, kipindi cha nne cha mchezo, Al Downing, mrushaji wa timu pinzani, akarusha, mpira ukaruka ukuta wa kushoto. Ndiyo 715. Wale vijana wawili wazungu uliowaona wakimkimbilia kwa nyuma walitaka kumpongeza tu. Lakini mlinzi wake alikuwa jukwaani na bastola ndani ya mfuko wa darubini, na ilimbidi aamue papo hapo, kwa kufumba na kufumbua, kama ni maadui au la. Mtu anayekimbia katika hali hiyo utamdai kicheko? Alipopewa kipaza sauti alimshukuru Mungu kwamba limekwisha. Furaha yake usiku ule ilikuwa hiyo.

Unakumbuka tulipokupeleka Atlanta ukiwa na miaka saba? Uwanja wenyewe ulibomolewa mwaka 1997, lakini waliacha kipande cha uzio pale mpira ulipopitia, katikati ya maegesho ya magari. Ukakibandika kiganja chako, ukauliza mpira uko wapi. Nilikuwa nikikuangalia wewe, nikimfikiria mama yake, Bi Estella.

Maana naye yumo kwenye filamu. Itazame tena, halafu Aaron akishafika "nyumbani", kile kituo cha mwisho, mwache yeye, umtafute mama. Ataupenya umati wa wachezaji, atamrukia mwanawe shingoni, na hatamwachia. Alieleza baadaye kwamba kama kuna mtu alitaka kumpiga risasi mwanawe, ilikuwa lazima ampige yeye kwanza.

Ukishamwona, nipigie simu.

Mama yako