Barua kwa mwanangu: Kushoto, kushoto

Papa Neema, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama umhamishe Neema shule, kwa sababu huko Lubumbashi wanamcheka Kiswahili chake cha Goma: akifungua mdomo, darasa zima linarudia neno lake kama kwaya. Na tangu Pasaka tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi, Jumamosi anapona.

Hilo tumbo nalijua. Nimefundisha miaka thelathini na moja. Mtoto wa namna hiyo hadanganyi, linauma kweli. Mwingine anarudia kukojoa kitandani, mwingine alama zinashuka, naye ndiye aliyekuwa wa pili darasani. Anayemwambia "jikaze" hajui anachosema. Na mimi nimewaambia watoto wa watu "jikaze", siwezi kukataa.

Lakini wewe umeuliza juu ya kuhamisha, na kichwa changu kimekwenda kwa mtoto wa fundi viatu.

Unamkumbuka. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka ile Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na godoro moja, lava ilipita mtaa wa Birere ikala kibanda cha baba yake, ngozi, nyundo, kila kitu. Masomo yalipoanza tena, mtoto wa fundi viatu akaja na viatu vya msaada, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Mwaka ule wote mlivaa vya ajabu. Wewe ulikuwa na koti la mwanamke. Ila mlimchagua yeye.

Nilikuja kukuchukua, nikasikia toka barabarani: "Kushoto! Kushoto! Kushoto!" kama askari wa gwaride, na yule mtoto katikati yenu anakwenda bombani kunywa maji. Sauti iliyoanzisha ilikuwa yako. Ulikuwa na miaka tisa.

Fimbo ya siku ile unaikumbuka, kila Noeli unaisimulia. Jambo ambalo sijakuambia ni kwamba, kabla sijakuona wewe, nilicheka. Mlikuwa mnachekesha, mwanangu, mnakwenda sawasawa mpaka magoti! Yule mtoto akageuka akaniona, mama mzima, mwalimu, meno nje. Ndiyo maana nasema kila siku, na mmechoka kunisikia: anayecheka naye anapiga.

Miaka baadaye, katika semina ya walimu, walitueleza habari za Dan Olweus, Msweden aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni miaka ya 1970, kisha akafanya kazi Bergen, Norway. Yeye aliutofautisha na ugomvi wa kawaida kwa mambo matatu: unafanywa kwa makusudi, unarudiwa, na anayeonewa hana nguvu ya kujitetea mbele ya wanaomwonea. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nahesabu. Makusudi, ndiyo. Kurudiwa, mliimba wiki nzima. Nguvu, darasa zima kwa mtoto mmoja. Kumbe haukuwa mchezo. Ingawa kwako ulikuwa mchezo, hilo nakubali, na mtoto mbaya hukuwa. Au nakutetea kwa kuwa ni wangu?

Yeye alihamishwa. Baba yake alimpeleka Sake kwa ndugu. Sasa ni mtu mzima, anaendesha pikipiki hapa Majengo, amenibeba mara mbili, ana adabu nyingi. Lakini akishuka mbele ya watu, anaangalia miguu yake kwanza. Basi nilitaka kuandika kwamba kuhamisha hakuponyi kitu. Kisha nikajiuliza: na kama angebaki? Labda angeacha masomo kabisa.

Mimi nisingeanza na kuhamisha. Ningekwenda kuketi na mwalimu, tusizungumze sana juu ya yule anayeanzisha, tuzungumze juu ya wale wanaoitikia, maana mwanzishaji asiyeitikiwa ni mtoto mmoja tu anapiga kelele. Na ningemwuliza mwalimu, kwa upole, kama naye huwa anacheka. Haya, si mimi wa kuamua, nanyamaza. Wewe na Mama Neema ndio mnaomwona Jumatatu asubuhi.

Ila neno lenyewe hukuniandikia. Ni neno gani analosema, wanalolirudia? Niandikie. Naogopa ni langu, alilolichukua hapa kwangu likizo ile.

Mama yako