Gemu na Umakini: Je, Mwanangu Ananidanganya?

SWALI: Mshauri wetu, pokea salamu kutoka Walukuba, Jinja. Mwanangu ana umri wa miaka 13, yuko darasa la saba, na mwaka huu atafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kila akishika shilingi 500 hukimbilia kibanda cha gemu kilicho nyuma ya soko, na nikimgombeza hunijibu kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa gemu huongeza umakini. Mwalimu wake ananiambia kwamba darasani hamalizi kifungu kimoja cha ufahamu cha Kiingereza kabla hajageukia dirishani, ilhali mimi nimemwona kwa macho yangu akicheza saa nzima bila kupepesa. Je, maneno yake yana ukweli, au ni ujanja wa kutafuta ruhusa?
Mama wa Walukuba

JIBU: Mama, mwanao hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari, na ile nusu aliyoiacha ndiyo inayohusu mtihani wake.

Mwaka 2003, C. Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature utafiti ambao hadi leo hutajwa kila jambo hili linapozungumzwa. Waliwachukua watu wasio na mazoea ya gemu, wakalichezesha kundi moja gemu ya vita kwa saa moja kila siku, kwa siku 10, na kundi la pili likacheza Tetris, ile ya kupanga vipande vinavyoanguka, kwa muda huohuo. Walipopimwa tena, waliocheza gemu ya vita walikuwa wamepiga hatua kubwa zaidi katika kutambua kitu kinachochomoza pembeni mwa macho, na katika kunasa kitu cha pili kinachopita upesi baada ya cha kwanza. Sababu inaeleweka: katika Tetris macho hufuata kipande kimoja kwa wakati, lakini katika gemu ya vita adui anaweza kutokea popote.

Huo ni umakini wa kweli, tena mwendesha bodaboda anayekatiza katikati ya Kampala anauhitaji kila dakika. Lakini kifungu cha ufahamu kinadai umakini wa namna nyingine, yaani uvumilivu wa kukaa na jambo moja lisilosogea wala kupiga kelele. Gemu humjibu mtoto kila baada ya sekunde chache kwa goli, kwa mlio au kwa pointi, na akizidi kuimudu humwongezea ugumu kidogo ili asichoke. Kitabu hakimfanyii hivyo. Kwa hiyo ile saa nzima uliyomwona ametulia si ushahidi kwamba atatulia vivyo hivyo mbele ya karatasi ya mtihani.

Wafanyabiashara wamewahi kuuchanganya ukweli huu kwa faida yao. Mwezi Januari 2016, kampuni inayotengeneza michezo ya ubongo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya biashara ya Marekani kuituhumu kwa matangazo ya udanganyifu, yakiwemo yaliyodai kwamba michezo hiyo huwasaidia watu kufanya vizuri zaidi shuleni na kazini. Kwa upande mwingine, Juni 2020 mamlaka ya dawa ya nchi hiyohiyo iliruhusu gemu iitwayo EndeavorRx itolewe kwa cheti cha daktari kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye tatizo la umakini, nayo ilipangwa ichezwe kama dozi, dakika 25 hivi kwa siku, sambamba na matibabu mengine. Kibanda cha nyuma ya soko, Mama, hakitoi dozi.

Sikushauri umpige marufuku, kwani atacheza kwa kujificha. Mpangie siku, kwa mfano Jumamosi baada ya kusoma, na usiruhusu gemu ya simu usiku, maana usingizi uliokatwa huharibu umakini wa asubuhi. Mtoto wa dada yangu nilimwekea saa mezani na ukurasa mmoja wa kusoma kila jioni. Siku ya kwanza alifika mstari wa nne, akaanza kuchambua ncha ya karatasi, kisha akaomba maji. Baada ya wiki mbili alimaliza ukurasa, akanisimulia yaliyomo, na akalalamika kwamba taa ni hafifu. Kama jirani yupo mzee anayecheza mweso, yaani bao la kwetu Uganda, mpeleke pia akahesabu kete 64 na kungoja zamu yake. Hili nalisema kwa mapenzi yangu kwa mchezo huo.

Kabla ya yote hayo, mpeleke akapimwe macho, kisha umpe kifungu cha Kiswahili au cha Lusoga chenye urefu sawa na kile cha mwalimu. Akikimaliza bila kuinua kichwa na akakueleza vizuri alichosoma, basi huenda kinachomgeuzia dirishani ni Kiingereza, si gemu, na hilo uzungumze na mwalimu wake mapema kabla ya mtihani wa Novemba.