Dada, ukiitaka tenda ya Serikali, anza na jina lako

Kwa kuwa nashona mashuka na mapazia ya vituo vya afya na dakhalia za skuli hapa Pemba, wanawake wenzangu huniuliza habari za tenda. Swali lao la mwanzo karibu wote ni moja: "Dada, kule unamjua nani?" Na mimi huwauliza: karatasi zako zina jina la nani?

Nimeshuhudia mafundi hodari wakiondolewa kabla bei zao hazijaangaliwa. Cherehani ni zake, wateja ni wake, anayekesha ni yeye. Lakini leseni ina jina la mume, akaunti ina jina la kaka, na banda analoshonea limo ndani ya eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi, mirathi haijagawiwa mpaka leo. Kwa kamati inayotathmini zabuni, mwanamke huyo hayupo. Hili linaniuma, maana kazi yake naijua.

Basi sajili biashara kwa jina lako BPRA, wakala wa usajili wa biashara hapa Zanzibar, chukua leseni, fungua akaunti ya biashara. Kwenye kodi tuna milango miwili Zanzibar: kodi ya mapato iko TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambako ndiko utakapopata TIN, yaani namba ya mlipakodi, na VAT ya hapa (kodi ya ongezeko la thamani) pamoja na kodi nyengine za ndani ziko ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Zabuni ikitaka uthibitisho wa kodi, usidhani karatasi ya mlango mmoja inatosha. Soma wanachotaka, neno kwa neno. Nyaraka nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtafute kijana akusomee, lakini akueleze mpaka ufahamu wewe mwenyewe, kwa sababu saini itakuwa yako.

La mirathi ndilo gumu, na ndilo tunalolikimbia. Ukiomba mkopo wa kufanyia kazi ya tenda, benki inataka rehani, na mali ya wengi wetu ni fungu ndani ya shamba ambalo bado linaitwa kwa jina la marehemu. Kaka akishika shamba, dada anaona haya kuuliza, anaogopa ataambiwa ana tamaa. Fungu hilo Mwenyezi Mungu amelitaja, kulidai si kuvunja udugu. Zungumzeni kwanza nyumbani, mbele ya wazee, na ikishindikana nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo kazi yake mojawapo ni kusimamia mirathi ya Waislamu. Fanya hivyo sasa, wakati huna tenda mkononi, maana tangazo likishatoka siku ni chache na mirathi haiendi mbio. Kwa wanaokwepa riba, Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, wana huduma ya Kiislamu, Ikhlas, waulizeni. Wakala wa Uwezeshaji, ZEEA, nao wana mikopo ya wajasiriamali. Na kabla hujahangaika na dhamana ya benki kwa ajili ya zabuni, angalia kama nyaraka zinakubali tamko la dhamana badala yake, yaani ahadi ya maandishi unayoisaini mwenyewe. Baadhi hukubali, na tamko halikugharimu fedha.

Kuna jambo moja linawachanganya wengi. Ile asilimia 30 ya zabuni kwa wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, mnayoisikia kwenye taarifa ya habari, imo katika sheria ya Bara, na mfumo wao wa zabuni wa mtandaoni ni NeST. Ununuzi wa umma si jambo la Muungano. Sisi tuna sheria yetu ya ununuzi, Namba 11 ya 2016, na mfumo wetu wa mtandaoni, e-ProZ. Kwa hiyo usiipigie hesabu asilimia hiyo kwenye tenda ya wizara ya SMZ, Serikali yetu ya Mapinduzi ya Zanzibar. Uliza zabuni uliyonayo inatoa upendeleo gani, kwa nani. Mfumo wa mtandao umetupunguzia sisi wa Pemba nauli ya boti ya kupeleka bahasha Unguja, na hilo nalishukuru kwa dhati.

Kigezo cha uzoefu kinawaangusha wapya wengi. Anza na kazi ndogo za kushindanishwa bei, au shona sehemu ya kazi ya mzabuni mkubwa, ila kwa mkataba wa maandishi, na ukimaliza udai barua ya kuthibitisha kazi yenye jina la biashara yako. Wapo wakubwa wanaopenda tushone sisi na sifa wabaki nazo wao. Usikubali.

Kuna siku utaingia ofisini uulizwe, "Mwenye kampuni yuko wapi?" nawe umesimama pale pale na faili lako. Nimeulizwa. Sema: "Ndiye mimi," kisha endelea na kilichokuleta. Usimtume mume wala mtoto wa kiume siku ya pili kwa kuona tabu. Wanaokuja nyuma yako watakuta mazoea yale yale.

Ukishinda, tatizo linahamia kwenye fedha. Jora za kitambaa utazilipa leo Darajani, mafundi watataka chao kila wiki, na malipo ya taasisi yanaweza kuchelewa miezi. Nimeona wanawake wakiuza cherehani baada ya kushinda tenda. Hivyo usichukue kazi ambayo huwezi kuibeba bila malipo kwa miezi kadhaa. Ungana na wenzako kwa ubia, au omba kazi ndogo zaidi. Usipeleke kitu bila LPO, yaani hati ya taasisi ya kuagiza bidhaa. Siku ya kukabidhi, hakikisha hati ya kupokelea mzigo imesainiwa na kupigwa muhuri, na ankara uipeleke siku hiyo hiyo, nakala ubaki nayo. Kwenye bei yako kumbuka kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hujayapokea, asilimia 2 kwa bidhaa na 5 kwa huduma. Wakikata, dai cheti chake, kwa sababu TRA watakuhesabia fedha hiyo kuwa kodi uliyokwisha kulipa. Malipo yakichelewa, andika barua, igongewe muhuri wa kupokelewa, na wiki ya pili uandike nyengine.