Papaseni Ovari Kabla ya Kuchoma Homoni

Wadogo zangu mnaoanza kuhudumia ng'ombe wa maziwa Kikuyu, Limuru na viunga vya Nairobi, nawaandikia kwa sababu kila kundi jipya linarudia kosa lile lile: ng'ombe ana miezi mitatu tangu azae, hajaonyesha joto, na daktari anavuta prostaglandini, homoni ya kumrudisha ng'ombe kwenye joto, kwenye sindano kabla hajavaa glavu ndefu ya kupapasia ovari.

1. Prostaglandini haiamshi ovari iliyolala. Kazi yake ni kuyeyusha korpasi luteamu, yaani uvimbe unaoota kwenye ovari baada ya yai kutoka na kuzuia joto jipya, ambao huitikia kuanzia takriban siku ya 6 baada ya joto hadi karibu siku ya 17. Mkizipapasa ovari mkazikuta ndogo, nyororo, zisizo na uvimbe wowote, hapana cha kuyeyusha, na mfugaji amelipia dawa bure. Wala msidhani kila ng'ombe aliye kimya ovari zake zimelala, kwani wengi huingia joto usiku, wamefungwa peke yao bandani, bila mwenzao wa kuwapanda wala mtu wa kuwaona. Wengine wana mimba, na hapa ndipo subira yangu inapoisha. Mwenye ng'ombe akisema hajapandishwa, ulizeni habari za dume la jirani, mwulizeni na kijana anayekata majani, kisha mpimeni hata hivyo. Mimba ya miezi miwili ikichomwa dawa hiyo hutoka ndani ya siku chache, na mama aliyekuwa akihesabu maziwa hayo kwa karo ya watoto huanza kungoja upya.

2. Ovari iliyolala kweli husaidiwa na kifaa cha projesteroni (homoni ile ile itolewayo na korpasi luteamu) kinachokaa ukeni siku 7, na prostaglandini siku ya kukitoa. Lakini tazameni mbavu kwanza. Ng'ombe anayekamuliwa sana huku akila majani ya nepia yaliyokomaa peke yake huyeyusha mwili wake kutoa maziwa, ubongo hupunguza msukumo wa LH, homoni inayokomaza na kutoa yai, na folikali (vifuko vya mayai) hukua kidogo kisha hufa. Huyo mwongezeeni chakula, madini na maji, kwa sababu homoni peke yake haitamshikisha mimba.

3. Ovsynch, mpango wa sindano unaopanga saa ya yai kutoka ili ng'ombe apandikizwe mbegu bila kungoja joto: GnRH (homoni inayochochea LH), prostaglandini baada ya siku 7, GnRH tena baada ya siku 2, mbegu saa 16 hadi 20 baadaye. Saa zifuatwe.

4. Mnaosoma matokeo ya nyati wa maziwa wa India, kumbukeni kwamba nyati huonyesha joto kwa unyonge, na uzazi wao huchangamka siku zinapofupika. Hapa karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, na wagonjwa wetu ni Friesian na Ayrshire, kwa hiyo msinakili asilimia zao za kushika mimba mkamwahidi mfugaji.

5. Prostaglandini hupenya ngozi. Vaeni glavu, osheni mara moja ikimwagika, na wenzetu wajawazito au wenye pumu wasiishike kabisa.