Bibi ana miaka 70 na kitu ila kitambulisho kinasema 66, pensheni jamii ya Zanzibar, ile ya wazee wa miaka 70, atapata?

Ndugu uliyeuliza, hili limetukuta sisi na bibi yetu Pemba 2019 kwa hiyo nakwambia nililoliona. Hatopata mpaka mwaka wa kuzaliwa urekebishwe. Pale ofisini hawaangalii mvi wala mkongojo, wanaangalia mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi basi.

Wa kwetu aliandikwa 1953, na Mapinduzi ya 1964 yalimkuta mwari kashavunja ungo, sasa hesabu mwenyewe. Sheha, yaani kiongozi wa serikali pale mtaani, anamjua bibi tangu yeye sheha mtoto, akasema bi mkubwa huyu hata mimi kanibeba mgongoni lakini siwezi kuandika tofauti na kitambulisho. Tukahangaika wee, mara leta hiki mara njoo jumatatu, kilichotuokoa ni cheti cha kuzaliwa cha marehemu mdogo wake, cha 1950, kilikuwa kwenye sanduku la mjane wake kimeliwa na mende pembeni lakini mwaka unasomeka. Mdogo wa 1950, dada mtu atakuwaje wa 1953? Hapo ndo wakanyamaza. Kwa hiyo kabla hujaenda popote tafuteni makaratasi ya ndugu zake, ya watoto wake wa mwanzo, chochote cha zamani, halafu ndo muanze na sheha maana bila yeye hamfiki mbali.

Na nyie wa bara msichanganye na TASAF, ule mfuko wa maendeleo ya jamii, ile inaangalia kaya masikini. Hii ya Zanzibar tangu ilipoanza Aprili 2016 ni kila mzee mkaazi aliyefika 70, awe na mashamba ya karafuu awe hana, hata mstaafu wa serikali anachukua, na hela inatoka bajeti ya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) yenyewe sio mfadhili. Ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, 2023 ikapandishwa 50,000. Mtu atasema hela gani hiyo, sawa, ila siku ya kwanza bibi alirudi dole gumba bado lina wino, noti kazifunga kwenye pindo la kanga fundo mbili, akamtuma mjukuu sukari kilo moja, na chenji akamwachia. Miaka yote yeye ndo alikuwa anasubiri kutumiwa sukari.

Cheti chenyewe tulikitoa kopi tatu, orijino msiiache ofisini hata mkiambiwa mje kuichukua kesho.